Wote Mlifanya Vizuri

Kuna sentensi moja nataka ifukuzwe kambini. Si tusi. Wanaoisema ni watu wema, wengine ni marafiki zangu, na najua watasoma hapa na watanuna. Sentensi yenyewe ni hii: "Wote mlifanya vizuri."

Mliokuwa uwanjani tarehe 20 Juni mwaka jana mliisikia. Vikundi vitano vya vijana viliingia na ngoma na tarumbeta, kila kimoja dakika kumi, jua la saa saba likiwa juu ya kichwa. Siye tulikuwa wa tatu. Vijana 22: ngoma ndogo nane, ngoma kubwa mbili, tarumbeta nne (mbili kati ya hizo zinashikwa na gundi na Mungu), na waliobaki walibeba bendera. Walifanya mazoezi miezi mitatu nyuma ya shule, jioni, baada ya kuchota maji. Walikuwa na umbo moja la kufunga onyesho: duara linageuka, linafunguka kuwa mistari minane kama miale ya jua, ngoma hazisimami, na hakuna mtu anayemgonga mwenzake. Kama mnadhani ni rahisi, chukueni watu 22 na mjaribu hata bila ngoma.

Majaji walikuwa watatu chini ya hema. Mmoja alifika wakati siye tunatoka. Wa pili alikuwa kwenye simu, simlaumu sana, pengine ilikuwa ya kazi. Wa tatu alituangalia na kutabasamu kuanzia mwanzo mpaka mwisho, tabasamu lilelile alilompa mtoto aliyepita uwanjani na mbuzi wake. Saa kumi mgeni mmoja akashika maikrofoni: wote mlifanya vizuri, leo hakuna aliyeshindwa. Halafu kikombe kikaenda kwa kikundi cha kwanza, na siye tukatangazwa wa tatu.

Hakuna aliyeshindwa, lakini kuna wa tatu! Nikaenda kuomba karatasi ya pointi. Nikaambiwa karatasi hakuna, majaji "walikubaliana". Tukapewa fulana na soda.

Msichana anayeongoza ngoma ndogo ana miaka 16. Alinifuata mpaka kwenye njia ya kisima. Hakulia. Akaniuliza, "Kaka, tulikosea wapi?"

Nikamjibu, "Hamkukosea. Mlifanya vizuri."

Akaniangalia kama mtu anavyomwangalia muuza duka anayeficha bei. "Kama hatukukosea, mbona wa tatu?"

Sikuwa na jibu. Mimi mwenyewe, mfanyakazi wa vijana, niliyewapigia filimbi miezi mitatu, nilikuwa nimemrudishia sentensi ileile ya maikrofoni.

Sasa niwaambie kwa nini swali lake halikunitoka. Mtoto wa shangazi yangu alihamishiwa Marekani pamoja na wazazi wake, na huko anasoma sekondari na anapiga ngoma katika bendi ya shule. Ananitumia mavideo. Kwa wasiojua: huko kila mwaka, kuanzia Septemba mpaka Novemba hivi, bendi za sekondari zinafanya maonyesho kwenye uwanja wa mpira wao wa Kimarekani. Uwanja ule una mistari myeupe kila yadi 5. Mwanafunzi anafundishwa kupita kutoka mstari mpaka mstari kwa hatua nane, si saba, si tisa, yaani kila hatua ni kama sentimita 57, huku anapiga tarumbeta na hana karatasi ya muziki mbele ya macho. Shule kubwa inaingiza vijana mia, mia mbili na zaidi. Onyesho lote ni dakika kama nane tu. Kwa dakika nane hizo wanafanya mazoezi tangu likizo.

Na majaji? Hapo ndipo niliposhangaa. Baadhi wanakaa juu kabisa, kwa sababu umbo la watu mia mbili linaonekana ukiwa juu, si ukiwa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema. Wengine wanashuka uwanjani. Wanatembea, wakati mwingine wanakimbia, katikati ya vijana wanaopiga, na mkononi kila mmoja ana chombo cha kurekodi sauti. Anaongea humo wakati bendi inapiga: hapa mmeenda pamoja, hapa tarumbeta zimechelewa, wewe wa mwisho mstari umekuponyoka. Onyesho likiisha, shule inapewa namba na pia inapewa ile sauti. Mwalimu anaisikiliza na wanafunzi wake, dakika kwa dakika.

Binamu alinitumia sauti ya jaji mmoja kutoka shindano dogo la kwao. Tuliisikiliza kwenye kituo cha vijana, spika imewekwa juu ya meza, mimi natafsiri kidogokidogo. Jaji yule anahema kama mtu anayekimbiza mbuzi. Anasifu, halafu katikati ya sifa anakata: ngoma ya tatu, fimbo yako ya kushoto iko chini. Anaondoka, anarudi kwa kijana yuleyule, anasema sasa ni vizuri. Vijana wetu walianza kwa kucheka. Baadaye wakanyamaza. Mmoja akauliza, "Huyu jaji anawachukia?"

Yule msichana wa ngoma ndogo akajibu kabla yangu: "Hapana. Anawaangalia."

Msinielewe vibaya, sileti Marekani hapa kama mbinguni. Kwao pia wamekosea na bado wanakosea. Kabla ya mwaka 1984 vikundi vyao vikubwa vya ngoma na tarumbeta vya vijana, ambavyo bendi za shule zimejifunza mengi kwavyo, vilihesabiwa kwa makosa. Unaanza na pointi zote, jaji anapita na ubao wake wa kuandikia, kila kosa anaweka alama na unakatwa sehemu moja ya kumi. Wenyewe viongozi wa vikundi walichoka kuendeshewa mashindano na vyama vya maveterani. Mwaka 1972 wakaunda chama chao, Drum Corps International, wapate sauti katika sheria na katika uamuzi. Hata hivyo ule utaratibu wa kukata makosa uliishi miaka mingine zaidi ya kumi ndipo ukaachwa. Na kasoro yake ilikuwa wazi: ukipiga kitu rahisi utakosea kidogo, ukijaribu kitu kigumu utakatwa. Basi kwa nini ujaribu kigumu?

Na leo, kwenye mashindano makubwa ya Bands of America, ambayo fainali yake inafanyika Indianapolis mwezi wa Novemba, pointi ni 100: 20 za namna ya kupiga, 20 za namna ya kutembea, na 60 zote zinaenda kwenye kile wanachoita athari ya jumla, yaani onyesho limekugusa vipi, limepangwa vipi, limekubeba mpaka wapi. Sitini! Hapo pesa inapata mlango. Shule yenye malori ya mapambo na walimu wa kuajiriwa wa kupanga maumbo haianzi mahali pamoja na shule maskini, na binamu ananiambia hilo ni lalamiko la kila msimu. Pia wanatoa pointi mpaka sehemu ya mia, kama vile moyo wa mtu unapimwa kwenye mizani ya dhahabu. Mimi hilo silitaki.

Ninachotaka kutoka kwao ni kitu kimoja tu, ile sauti. Jaji anadaiwa maneno. Hawezi kukupa namba akaondoka.

Angalieni sasa, siye hatuhesabu makosa, tunatabasamu. Lakini tabasamu linazaa matokeo yaleyale ya ule ubao wa zamani. Kikundi kilichotembea mbele na nyuma mara nne kikapiga mdundo mmoja kilipata "vizuri". Kikundi kilichofungua jua kilipata "vizuri". Mwaka huu vijana wangu wawili wameniambia wazi: kaka, tuache lile jua, linachosha, na hakuna anayeliona. Hawana uvivu hawa. Wamepiga hesabu.

Najua jibu la rafiki zangu wa mashirika, nimelisikia kwenye mikutano na pengine limo hata kwenye mafunzo yao. Vijana hawa wamepitia mengi. Wengine waliona vitu mtoto hapaswi kuona. Kuwahukumu kutafungua vidonda, kwa hiyo tuwape furaha, kila mmoja ajisikie mshindi. Siwadharau kwa kusema hivyo. Ninayo majina ya vijana ambao ningewaambia jaji asiwaguse kabisa mwaka huu.

Lakini niwaulize kitu. Ni lini tuliacha kuhukumiwa? Mkimbizi anahukumiwa tangu siku anayovuka mpaka. Anahojiwa, anaandikwa, anaambiwa asubiri. Familia inangoja jibu la kuhamishwa miaka sita, halafu inakuja barua ya mistari miwili. Hapa Uganda mwaka 2023 tuligawanywa makundi matatu kwa ajili ya chakula, na kundi la tatu likaondolewa kabisa kwenye mgao. Mlango wa nyumba yangu na wa jirani yangu unafanana, matope ni yaleyale, yeye kundi la pili mimi la tatu. Tuliuliza kwa nini, tukaelekezwa mahali pa kuuliza. Hakuna aliyeogopa vidonda vyetu siku hiyo. Ikifika kwenye chakula, mnaweza kutupima. Ikifika kwenye ngoma, eti tutaumia!

Kijana wa kambini ameshazoea namba zisizo na sababu. Uwanja ule wa mpira ni mahali pamoja ambapo tungeweza kumwonyesha kwamba uamuzi unaweza kuwa na sababu, kwamba unaweza kuuliza ukajibiwa, ukabisha, ukarudi mwaka ujao na kitu kingine. Na siye tunampa fulana.

Nitawaeleza jaji bora niliyewahi kumwona hapa, na mtashangaa, kwa sababu sikubaliani naye hata kidogo. Ni mzee wa Kirundi. Alialikwa Desemba kuamua kikundi kingine ninachosaidia, cha ingoma, zile ngoma kubwa za Burundi ambazo UNESCO iliziingiza mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Katika kikundi kile kuna wasichana wawili wanaopiga. Mzee aliangalia mpaka mwisho, amesimama, fimbo yake mkononi. Halafu akawaita karibu, akawaambia mbele ya watu: kwa upande wa mila nimewapa sifuri, kwa sababu mwanamke hapigi ingoma. Akaongeza kwamba kwao si mila tu, mwaka 2017 Rais aliweka amri inayokataza wanawake kuzipiga.

Zogo! Mama mmoja alisimama akamwambia, papa, hapa hatuko Burundi. Wasichana nao wakabisha, kwa heshima lakini wakabisha, wakamwuliza kama mikono yao inapiga tofauti. Tulikaa pale karibu saa nzima. Mzee hakubadilisha sifuri yake. Lakini kabla ya kuondoka alimshika msichana mmoja kiwiko, akamwinua mkono mpaka juu ya kichwa, akasema, ukitaka kukaidi, basi kaidi vizuri, fimbo itoke huku juu, unapiga kama unapepeta unga. Mpaka leo fimbo ya yule msichana inatoka juu.

Nabaki nasema mzee alikosea juu ya wasichana. Ningeandika makala nzima juu ya hilo. Lakini alifika mapema, aliangalia onyesho lote, alisema kigezo chake kwa mdomo wake na akakaa kusikia majibu. Nipeni majaji watano wenye ukali wa mzee yule, hata wakikosea tutagombana nao. Utagombana vipi na tabasamu?

Na siye wenyewe? Hapa naomba wenzangu wakimbizi wasicheke, zamu yetu imefika.

Mwaka juzi nilikuwa jaji kwenye shindano la shule. Vikundi vinne: kimoja cha Wakongo, kimoja cha Warundi, kimoja cha Wanyarwanda, kimoja mchanganyiko. Unajua vizuri kilichonipata. Nilikaa na karatasi nikaanza kuhesabu, si midundo, bali majirani. Nikimpa huyu nane, kesho kwenye foleni ya maji nitaambiwa nini? Mimi ni Mkongo, nikiwapa Wakongo tisa, hata wakistahili, nani ataamini? Basi nikaandika saba. Saba, saba, saba, saba. Kikundi kimoja tarumbeta zake zilikuwa zinalia kila moja njia yake, saba. Kikundi cha Wanyarwanda walibadilisha mdundo mara tatu bila kiongozi kuonyesha ishara, kitu ambacho vijana wangu mpaka leo hawawezi, saba. Niliita hiyo amani. Muhula uliofuata kikundi kile cha Wanyarwanda kilivunjika. Sababu zao sizijui zote, wengine walihama. Ila najua kwamba mtu mmoja uwanjani alikuwa ameona walichofanya, naye akakaa kimya na saba zake.

Kwa hiyo ninaposema majaji wa hema, na mimi nilikuwa kwenye hema.

Na ninyi watazamaji, kelele zenu zinafuata lugha ya nyumbani. Kikundi cha kwenu kikiingia mnapasua koo, cha wengine kikiingia mnaenda kununua mandazi. Wala si ugonjwa mpya. Pwani, kuanzia mwisho wa karne ya 19, watu wa Mombasa na Lamu walikuwa na ngoma ya beni, vikundi vya kucheza na kupiga gwaride kwa sare kama jeshi, na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia askari na wapagazi waliisambaza bara, mpaka Katanga kwetu. Kulikuwa na Marini na kulikuwa na Arinoti, na kila upande ulijiona ndio mabwana. Babu zetu walishindana sana, lakini angalau walishindana kwa kutazamana. Ukitaka kumshinda Arinoti lazima ujue Arinoti alivaa nini na alitembea vipi. Siye hatutazamani.

Tarehe 20 Juni inakuja tena, na kamati imeshaanza kutuma barua. Haya ndiyo nimeyaandika kwao na nayarudia hapa ili wasiseme barua ilipotea. Jaji asiyekuwepo kikundi cha kwanza kinapoingia asiamue chochote, apewe kiti cha mgeni na maji. Angalau jaji mmoja awe mtu aliyewahi kubeba ngoma. Kambini wapo, wazee wa fanfari za makanisa wapo, mafundi wa ingoma wapo, hawajawahi kuulizwa. Wawili washuke uwanjani, waache hema. Na kila jaji awe na simu na arekodi anachokiona wakati anakiona, halafu sauti itumwe kwa kiongozi wa kikundi jioni ileile. Hakuna bajeti hapo. Simu tunazo, kurekodi kwenye WhatsApp ni bure, na pesa ya fulana itabaki.

Kama jaji ataona aibu kusikika, basi asikubali kazi.

Tumeshajaribu, siombi kitu nisichokijua. Mwezi uliopita nilitembea katikati ya vijana wangu kwenye mazoezi na kurekodi dakika nane. Nilimwambia kijana wa ngoma kubwa kwamba anaharakisha kila tunapogeuka upande wa barabara, kwa sababu anawaangalia watu wanaopita. Hakuja mazoezi siku mbili. Siku ya tatu alikuja mapema kuliko wote, akajipanga akiwa ameipa barabara mgongo, akaomba nimrekodi tena.

Usiku ule nikapata ujumbe wa sauti kutoka kwa yule msichana. Alikuwa ameisikiliza rekodi yangu yote, naye akarekodi yake juu ya yangu. Dakika ya tatu, kaka, ulikuwa unaongea juu ya bendera wakati siye tunabadilisha mdundo, hukusikia. Dakika ya tano ulisema tumechelewa, hatukuchelewa, wewe ulikuwa nyuma karibu na ukuta, sauti ilirudi. Dakika ya saba ulisema "vizuri" mara nne. Vizuri nini?